Jumamosi ya pili ya mwezi ipo, uwanja uko wapi?

SAA 11:30 alfajiri ya Jumapili, Barabara ya Kilwa maeneo ya Mbagala bado haijachangamka. Daladala ni za kuhesabu. Kinachotangulia kusikika ni filimbi, halafu wimbo, halafu vishindo vya raba kwenye lami. Ni kundi la jogging, watu kama 40 hivi, vijana na wazee, akinamama wakiwa katikati, fulana za rangi moja. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Nyuma yao bodaboda imewasha taa ili magari yasiwavamie, na pembeni kijana mmoja anakimbia na kibendera chekundu akiwapungia madereva wapunguze mwendo.

Hakuna trafiki. Hakuna barabara iliyofungwa. Hakuna ofisa michezo wa manispaa. Hao watu wamejiita wenyewe, wamechanga fedha za fulana wenyewe, na wakimaliza watanyoosha viungo, watapata supu, watapitisha mchango kama kuna mwenzao kafiwa, kisha kila mtu kwake.

Makundi ya aina hii yamejaa Dar es Salaam na yanazidi kuongezeka mikoani. Ndiyo yanayotekeleza sera ya mazoezi nchini kuliko ofisi yoyote, na yanaitekeleza kwa kugombea lami na malori.

Kwa waliosahau, agizo lipo. Desemba 17, 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi jijini Dar es Salaam, na ikaelekezwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa nchi nzima. Sababu ilitajwa wazi: magonjwa yasiyoambukiza. Presha, kisukari, moyo, na ndugu zao wote.

Mwanzo ulikuwa na mzuka. Viongozi walitoka na trakisuti mpya, kamera zikawafuata, muziki ukapigwa, watu wakaruka. Baada ya hapo mambo yakapoa kama timu iliyofunga bao la mapema halafu ikaamua kurudi nyuma kulinda. Leo simamisha mashabiki kumi nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa uwaulize Jumamosi ya pili ya mwezi kuna nini. Watakutajia mechi.

Ni rahisi kusema Watanzania wavivu, wanapenda kukaa. Hiyo hoja inapendwa sana na watu wenye magari na geti la umeme. Ukweli wa mtaani ni tofauti. Hamu ya kucheza ipo, tena imezidi. Kinachokosekana ni mahali pa kuchezea.

Hesabu kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa lugha ya mpira, hiyo ni mechi moja kamili na saa moja juu yake. Kwa mwaka inafika saa 130. Sasa chukua Jumamosi ya pili ya kila mwezi, mpe mtu saa 2 za jasho kila mara bila kukosa hata moja. Mwisho wa mwaka ana saa 24. Hajafika hata robo ya safari. Mtoto ndiyo kabisa, yeye anatakiwa apate dakika 60 kila siku.

Kwa hiyo siku moja kwa mwezi inaweza kuwa sherehe, inaweza kuwa ukumbusho, lakini haiwezi kuwa mazoezi ya nchi. Mazoezi ya nchi ni yale ya Jumanne saa 10 jioni, ambayo hayana mgeni rasmi. Na Jumanne saa 10 jioni mtoto anahitaji kitu kimoja tu: eneo tupu lililo karibu na kwao.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Kila mtaa una hadithi yake na zote zinafanana. Kulikuwa na uwanja. Ulikuwa na mchanga, magoli ya miti, mwembe mmoja ambako timu pinzani ilikuwa ikibadilishia jezi. Hapo ndipo chandimu ilipochezwa, hapo ndipo maveterani walipofanyia bonanza la Krismasi. Halafu siku moja ikaonekana kokoto. Halafu mawe ya msingi. Wazee wakaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenyekiti akawaelekeza kwa diwani, diwani akasema suala liko halmashauri, halmashauri ikasema kuna mtu ana karatasi. Wakati barua zinazunguka, ukuta unapanda. Leo pana fremu za maduka, gereji au ukumbi wa harusi, na watoto wamehamia barabarani, wanasimamisha mpira kila bajaji inapopita.

Hakuna aliyetangaza kwamba watoto wa mtaa ule wamezuiwa kufanya mazoezi. Lakini wamezuiwa, na hakuna kampeni ya fulana itakayowarudishia ule mchanga.

Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Jiji la ukubwa huo linajivunia uwanja mmoja wa mashabiki 60,000 wa kukaa na kutazama. Wa kuingia na kucheza, ambao mtoto hatatimuliwa wala kudaiwa kodi ya saa, vinahesabika. Ndiyo maana Kinesi na Bandari vikiwa na mechi za Ndondo watu wanajaa hadi juu ya miti. Huo si uhaba wa watu wanaopenda michezo.

Inawezekana kufanya vizuri, na mfano hauko mbali. Pale Kidongo Chekundu, katikati ya jiji, kuna kituo cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa 2015 kwa ushirikiano na kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Pana uwanja wa soka, pana kikapu, pana uzio, pana ratiba na pana walimu. Kabla ya hapo lilikuwa eneo la wazi la kawaida tu. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliamua libaki la michezo, akaliwekea uzio, na akaweka mtu wa kulitunza. Swali la kuuliza ni kwa nini miaka yote hii kimoja hakijazaa vingine 20 huko Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Buza, kwa viwango vya chini hata mara tano. Mtoto wa Buza hahitaji nyasi bandia, anahitaji eneo lenye hati.

Fedha? Hapa shabiki afungue masikio, kwa sababu zinamhusu.

Nchi hii imeonyesha kwamba ikitaka kuweka fedha kwenye mpira, inaweza. Kuanzia Februari 2023 kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF lilinunuliwa na Rais kwa Sh5 milioni, baadaye bei ikapanda hadi Sh10 milioni. Mashabiki walifurahi, wachezaji walifurahi, na haki yao. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe kodi ya VAT kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira, ikianzia kwenye majiji. Na katika bajeti hiyohiyo ikaelezwa kwamba asilimia 5 ya mapato ya Serikali kutoka kwenye michezo ya kubashiri matokeo itakwenda kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo.

Rudia hiyo ya mwisho taratibu. Ule mkeka unaochanika kila Jumamosi kwa sababu ya timu moja iliyoruhusu bao dakika ya 93, una kipande chake ambacho kimeandikiwa kwenda kwenye maendeleo ya michezo. Shabiki anayebeti ni mfadhili wa michezo apende asipende. Basi mfadhili ana haki ya kuuliza: kati ya hizo asilimia 5, ni shilingi ngapi zimewahi kufika kwenye uwanja wa mtaa wake? Timu za taifa zinahitaji fedha, hilo halina ubishi. Lakini maendeleo ya michezo yakiishia kwenye tiketi za ndege na posho za kambi, neno maendeleo limepewa namba isiyo yake.

Upande wa afya nao hauna muda wa kusubiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya asilimia 9 walikuwa na kisukari. Duniani kwa ujumla, kwa mujibu wa takwimu zilizotolewa 2024, asilimia 31 ya watu wazima hawafikii kiwango cha mazoezi kinachotakiwa. Ni karibu watu bilioni 1.8. Nchi wanachama wa WHO zilikubaliana 2018 kwamba ifikapo 2030 kutokufanya mazoezi kupungue kwa asilimia 15. Ni mpango mzuri wenye karatasi nyingi. Lakini mama wa Manzese aliyeambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku kwa sababu ya sukari hatembei kwenye karatasi. Anatembea pembeni ya barabara isiyo na njia ya miguu, au yenye njia ya miguu iliyojaa meza za mitumba na bodaboda zinazokatiza foleni. Akijaribu wiki mbili na kuponea chupuchupu mara tatu, anaacha. Hapo utamlaumu kwa uvivu?

Na hata uwanja ukiwepo, huyu mama mara nyingi hana nafasi. Hili wanaume wa mpira hawapendi kuambiwa. Ikifika saa 10 jioni uwanja wa mtaa ni wa vijana wa soka, mpaka giza. Wasichana wa netiboli wanapewa kona yenye mashimo, akinamama wanaotaka kuzunguka uwanja kwa miguu wanapigiwa miluzi. Uwanja wa umma bila ratiba unakuwa wa wenye nguvu.

Mfano wa kupangilia mambo uko jirani, wala hauhitaji kupanda ndege kwenda Ulaya. Kigali walianza 2016 siku yao ya kutotumia magari. Ilianza mara moja kwa mwezi, ikaongezwa ikawa mara mbili. Jumapili asubuhi barabara kadhaa kubwa zinafungwa kwa saa chache, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanatembea na watoto. Wapo wahudumu wa afya wanaopima presha na sukari hapohapo, bure. Rais Paul Kagame mwenyewe ameonekana mara kadhaa akitembea katikati ya watu.

Cha kuiga pale wala si Rais kuvaa raba, maana hilo hata hapa lilifanyika. Kigali polisi ndiye anayetoka alfajiri kuweka vizuizi, dereva ndiye anayetafuta njia nyingine. Mwananchi kazi yake ni kufungua mlango na kutoka. Mbagala ni kinyume: mwenye gari analala, mwenye mguu anajitafutia usalama kwa kibendera. Bogota, Colombia, walishalijua hilo tangu 1974. Hadi leo kila Jumapili zaidi ya kilomita 120 za barabara zao wanaachiwa watembea kwa miguu na baiskeli.

Shabiki wa Bongo hapa atacheka. Atasema Wanyarwanda hao na mazoezi yao yote, Amavubi wameonekana AFCON mara moja tu, 2004. Kweli kabisa. Ila Septemba 2025 Kigali hiyohiyo ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na watu walijipanga kwenye vile vilima kama wamelipwa. Halafu, nani alisema lengo la kumtoa mama barabarani kutembea ni kufuzu AFCON? Lengo ni asikatwe mguu kwa kisukari akiwa na miaka 50.

Lakini kwa anayetaka lazima jibu la mpira, lipo, na ni tamu.

Kigamboni ilihesabiwa na watu 317,902 mwaka 2022. Iceland yote, nchi nzima, mwaka 2016 ilikuwa na watu kama 330,000. Yaani chukua Kigamboni, ongeza mitaa michache ya Mbagala, umepata taifa. Mwaka huo, Juni 27, mjini Nice, hiyo Kigamboni ya barafu iliifunga England mabao 2-1 na kuitoa kwenye Euro. Miaka miwili baadaye ikaenda Kombe la Dunia, ikiwa nchi yenye watu wachache kuliko zote zilizokuwa zimewahi kufuzu hadi wakati huo, ikatoka sare ya 1-1 na Argentina. Kipa wao, Hannes Halldorsson, aliyewahi kufanya kazi ya kuongoza filamu, akadaka penalti ya Lionel Messi. Kocha wao, Heimir Hallgrimsson, alikuwa daktari wa meno.

Wengi wanakumbuka lile shangilio lao la makofi. Wachache wanajua ilianzia wapi, na haikuanza kwenye chama cha soka. Miaka ya 1990 Iceland ilikuwa na janga la watoto kunywa pombe. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Serikali na halmashauri zao zikaamua kuwajaza watoto shughuli baada ya masomo, hasa michezo. Fedha za umma zikaenda kwenye klabu za mitaa. Wakajenga kumbi kubwa za kuchezea soka wakati wa baridi, na viwanja vidogo vya nyasi bandia zaidi ya 100, vingi vikiwa jirani na shule. Jiji la Reykjavik kuanzia 2007 likawa linamlipia kila mtoto sehemu ya ada ya michezo au sanaa, ili mtoto wa maskini asibaki nje ya uzio. Wakahakikisha hata anayefundisha watoto wa miaka sita amesomea ukocha. Kufikia 2016, ile asilimia 42 ya walevi ilikuwa imeshuka hadi 5.

England ilifungwa na sera ya kuzuia watoto kulewa. Ndivyo ilivyokuwa.

Hakuna anayedai Kigamboni itengenezewe kumbi zenye vipasha joto. Hapa jua lipo mwaka mzima, bure, na hilo Iceland wangelinunua kwa bei yoyote. Kinachofaa kuchukuliwa kwao ni ule mpangilio: uwanja uwe karibu na shule, gharama isimzuie mtoto, mwalimu awepo.

Na ukitafakari, sehemu ya mpangilio huo nchi hii ilishakuwa nao. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka mchakamchaka, asubuhi na mapema, nyimbo, miguu peku kwenye umande. Wapo wanaoamini zile nyimbo za jogging za Mbagala ni mtoto wa mchakamchaka, na hawajakosea sana. Kulikuwa na UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ngazi kwa ngazi mpaka taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ikasimamishwa kwa hoja kwamba inapoteza muda wa masomo. Ilirudishwa baadaye, lakini pengo lilishaachwa: walimu wa michezo walishapangiwa mambo mengine, vifaa vilishaoza stoo, na kwenye baadhi ya shule uwanja ulishaonekana kuwa eneo lisilo na kazi. Mashabiki wanaosema Taifa Stars ilikaa miaka 39 bila AFCON, kuanzia 1980 hadi 2019, kwa sababu ya makocha wabovu, wajumlishe na hilo kwenye hesabu yao.

Shule ndiyo mlango mwepesi kuliko yote, na ndiyo unaofungwa kwa kufuli. Karibu kila kata ya mjini ina shule ya msingi ya Serikali yenye uwanja. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mtaa mzima una muda, geti limefungwa na mlinzi amekaa kivulini. Ndani uwanja mtupu, nje watoto wanacheza barabarani. Kitu hicho kinaumiza kukitazama.

Walimu wakuu wana sababu zao, na si za kudharau. Kioo kikivunjika anaulizwa yeye. Vyoo vikichafuliwa, bomba likiibwa, mtoto akiumia, anaulizwa yeye. Hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kupandishwa cheo kwa kufungua geti Jumamosi. Kwa hiyo anafunga, na angekuwa mtu mwingine yeyote angefunga. Dawa yake ni halmashauri kuubeba huo mzigo kwa maandishi: geti lifunguliwe kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 na kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni siku za mapumziko, mlinzi alipwe nyongeza, kamati ya mtaa isaini kwamba kikivunjika kitu inakarabati, na kuwe na ratiba ukutani yenye saa za soka, saa za netiboli, saa za akinamama na wazee wa kutembea. Posho ya mlinzi wa ziada kwa mwezi haifikii gharama ya mahema na spika za tamasha moja la mazoezi.

Hilo linaweza kufanywa kesho. Suala la viwanja vilivyovamiwa ni zito zaidi kwa sababu lina mahakama na lina wakubwa. Lakini nalo lina pa kuanzia. Kila halmashauri itoe orodha ya maeneo ya wazi na ya michezo kama yalivyo kwenye ramani za mipango miji, mtaa kwa mtaa, na ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji ambapo hata mchezaji wa chandimu ataiona. Watu wakijua kwamba pale penye kokoto pameandikwa uwanja, watapiga kelele kabla ya msingi kukauka. Sasa hivi wanapiga kelele wakati fremu zimeshapangishwa. Sera ya Maendeleo ya Michezo inayotajwa tajwa kwenye hotuba ni ya mwaka 1995. Watoto waliozaliwa mwaka huo wameshazaa, na ramani hiyo bado ni siri ya ofisini.

Zanzibar wana kitu cha kujifunza pia. Kila Januari Mosi, wakati wengine wanaamka na uchovu wa mkesha, vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba vinaingia barabarani, kikundi na fulana zake, vinatembea na kukimbia hadi uwanjani, viongozi wakiwa humohumo. Siku ile inabamba kwa sababu vikundi vipo siku nyingine zote za mwaka, vina majina, vina viongozi, vinajuana. Sherehe imejengwa juu ya mazoezi. Bara ilijaribu kujenga mazoezi juu ya sherehe.

Na klabu je? Simba na Yanga zina matawi hadi vijijini, yenye wenyeviti, makatibu na vitabu vya michango. Ikifika wiki ya Simba Day au Wiki ya Mwananchi matawi hayo yanachangia damu, yanafanya usafi hospitalini, na kazi hiyo yanaifanya kwa moyo hasa. Hakuna mtandao mwingine wa watu wa kujitolea nchini unaoweza kushindana na huo ukiondoa nyumba za ibada. Tawi lililoweza kukodi mabasi matatu kwenda Mkapa haliwezi kushindwa kuwa na kundi la kutembea Jumamosi asubuhi. Utani utafanya kazi iliyobaki. Mwanachama wa Yanga akisikia tawi la Simba la mtaa wa pili limetoa watu 60 alfajiri, huyo halali.

Lakini watu 60 nao watahitaji barabara. Ndiyo inarudi palepale. Serikali ilishawekeza kwenye viwanja vikubwa kwa ajili ya AFCON 2027 waliyopewa Kenya, Uganda na Tanzania, na nyasi zitamwagiliwa, taa zitawaka, na shabiki ataenda kukaa kwenye kiti chake na kitambi chake apige kelele dakika 90. Haki yake. Mtoto wake wa miaka tisa atakayerudi nyumbani akitaka kuiga alichokiona, saa 10 jioni ya Jumanne itakayofuata, atakuta geti la shule lina kufuli.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao iko kwenye kalenda. Dar es Salaam ina manispaa na jiji, halmashauri tano zenye wakurugenzi, maofisa michezo na madiwani. Ipatikane hata moja itakayofunga barabara moja kwa saa 3, kuanzia saa 12 asubuhi, na kumpa yule kijana wa Mbagala ruhusa ya kuacha kibendera chake nyumbani.